Dolina MacAskill na Mgeni wa Kibandani

Kila Jumamosi ya kiangazi, saa tatu kasorobo asubuhi, Dolina MacAskill alisimama mbele ya ukumbi wa parokia ya Kilbrae akihesabu watu. Aliwahesabu wakiwa wamesimama, kisha akawahesabu tena wakianza kutembea, kwa sababu mwaka mmoja mtu alirudi nyuma kufunga jiko na hakuna aliyejua mpaka wamefika nusu ya mlima. Wakiwa chini ya watatu, safari ilikufa hapo hapo, hata kama yeye mwenyewe alikuwa ameshafunga kamba za viatu.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mpana wa mabega, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule. Sauti yake ilikuwa imezoea kupita juu ya vichwa vya watoto mia na arobaini wenye njaa, na haikuhitaji kipaza sauti popote pale. Mumewe Angus alipofariki, alianza kupanda mlima siku za Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo nyumba ilikuwa haikaliki. Mwaka wa kwanza alipanda na jirani wawili. Mwaka wa sita alikuwa na watu ishirini na wawili kwenye orodha, wengi wao wastaafu, na kila mmoja alikuwa na fimbo ya mti wa birchi iliyofika kifuani, kwa maana Dolina hakumruhusu mtu kupanda mikono mitupu.

Fimbo hazikuwa za mapambo. Kule juu kulikuwa na koyoti. Mnyama huyu ni jamaa wa mbweha, lakini wale wa kisiwa cha Cape Breton wana damu ya mbwa mwitu ndani yao, ni wakubwa, na wengine hawamwogopi mtu kama inavyopasa. Kwa hiyo kila mwanzo wa Agosti Dolina aliwaita watembezi wake ukumbini na kuwafundisha upya, wanaojua na wasiojua.

Mwaka huu ilikuwa Jumanne tarehe tano.

"Koyoti ametokea mbele yako njiani," alisema, akiwa amesimama jukwaani na fimbo yake. "Amesimama, anakutazama. Unafanya nini, Mamie?"

Mamie Beaton, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyeuza stempu posta mpaka alipostaafu, alifikiri kidogo.

"Namuuliza baba yake ni nani."

Ukumbi mzima ulicheka, maana Kilbrae hakuna mgeni aliyewahi kupewa hata kiti kabla ya kuulizwa swali hilo.

"Akishakujibu, niletee habari," Dolina alisema. "Haya, sikilizeni. Hukimbii. Ukikimbia umeshamwambia kwamba wewe ni sungura. Humpi mgongo. Unamkazia macho, unajifanya mkubwa, unapiga kelele, halafu unarudi nyuma hatua moja moja. Akija, unamrushia jiwe. Akizidi kuja, unapigana naye, na unapigana kwelikweli. Mwenye mtoto mdogo anambeba juu. Haya, tujaribu. Simameni wote. Mikono juu, kelele!"

Kelele zilitoka, tena za kutosha. Miguu ilipiga sakafu mpaka picha ya askofu ukutani ikaenda upande. Lakini mikono haikupanda. Watu kumi na tisa walisimama wima kama nguzo za uzio, miguu ikichapa mbao kwa kasi, mikono imening'inia kando ya mapaja.

Dolina aliwatazama akakata tamaa. Hawa wote walikuwa wamelelewa na ngoma ya kisiwa kile, ambayo huchezwa kwa miguu peke yake. Tangu wakiwa na miaka minne waliambiwa kwamba mikono ikipanda juu ya kiuno, umeiaibisha familia.

"Mikono, jamani! Mikono!"

"Unapoteza muda wako, Dolina," alisema mzee mmoja kutoka pembeni, akicheka peke yake. "Hiyo mikono mama zao waliishonea kwenye nguo."

Huyo alikuwa Hughie Rankin. Kwa kuwa Kilbrae ilikuwa na Hughie Rankin wanne, yeye aliitwa Hughie wa Kinu, kwa sababu babu yake alisaga shayiri ya watu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na nyonga moja mbovu, na alikuja mazoezini kwa sababu moja tu. Jumapili ya tatu ya Agosti ukoo wa Rankin na jirani zao hupanda mlima mpaka shamba la zamani, pale ambapo Hughie alizaliwa na kuishi mpaka alipofika miaka saba, familia ilipohamia bondeni. Siku hizi kule juu kumebaki mawe ya msingi wa nyumba, makaburi tisa, na kibanda cha wapita njia. Oktoba daktari angemwekea nyonga ya chuma, naye daktari alikuwa amemwambia bila kuzungusha kwamba baada ya hapo asahau milima. Dada yake Sarah Catherine alikuwa anakuja kutoka Boston. Hawakuwa wamepanda pamoja kwa miaka kumi na tisa.

"Nitafika," Hughie alikuwa amemwambia Dolina mwezi wa Mei. "Unibebe, unikokote, unisukume, lakini nifike."

"Utafika," Dolina alimjibu, na alipokuwa akisema hivyo alimshika mkono.

Mazoezi yalipokuwa yakiisha, mlango ulifunguliwa akaingia kijana wa sare ya kijani, kofia mkononi. Alikuwa ofisa mpya wa wanyamapori wa wilaya.

"Mama Dolina? Naitwa Rosaire Poirier. Naomba dakika mbili."

"Poirier wa wapi?" Hughie alidakia. "Wa Léo au wa Théophile?"

"Théophile ni babu yangu, mzee."

"Basi kaa. Babu yako aliniuzia mashua iliyokuwa inavuja."

"Hata mimi aliniuzia," kijana alisema, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena kuwa mgeni.

Habari aliyoileta haikuwa ya kuchekesha. Tarehe kumi na tisa Julai, mke na mume kutoka mjini walifuatwa na koyoti kwa mita mia mbili, karibu na kibanda cha Rankin. Tarehe mbili Agosti, mtu mmoja alikuwa ameketi pale kibandani anakula, koyoti akaja mpaka hatua tano. Mtu yule alimtupia mkate wake wote, akashuka mlima mbio, akavunja kifundo cha mkono.

"Nikipata taarifa ya tatu, naifunga njia," Poirier alisema. "Mpaka theluji. Na nitalazimika kumwita mtegaji."

"Amuue?"

"Amuue. Sipendi, mama. Lakini koyoti hazaliwi akiwa amezoea watu hivyo. Kuna mtu anamlisha."

Dolina aliinua fimbo yake.

"Nikimkamata huyo mtu," alisema, "nitamtia sufuriani na vitunguu."

Siku zilizobaki kabla ya safari ya Rankin zilikuwa kumi na mbili.

Kesho yake asubuhi Dolina alipanda mwenyewe kwenda kutazama. Alikwenda na Mamie, na mumewe Mamie aitwaye Alex, ambaye kwa kawaida husema mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na asubuhi ile alikuwa ameshasema. Walipanda saa nne, jua limeshakuwa kali, wakizungumza kwa sauti ili wasimshtukize mnyama kwenye kona. Kwa kweli Mamie ndiye aliyezungumza. Alianza na harusi ya mpwa wake kule chini kwenye daraja, na kilomita nne baadaye, walipotokea uwanjani penye kibanda, bibi harusi alikuwa bado hajafika kanisani.

Kibanda kilikuwa cha mbao, chumba kimoja, na baraza mbele. Mlango wake haukuwa na komeo tangu Dolina alipokijua. Ndani kulikuwa na meza, benchi, jiko la kuni, daftari la wageni lililofungwa kwa uzi, na kwenye rafu, kopo.

Kopo lilikuwa la Dolina. Kibanda hakiachwi kitupu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, na nyumba ya Kilbrae ambayo mpita njia hawezi kuingia akakuta kitu cha kutia mdomoni ni nyumba ya kusemwa. Kwa hiyo kila alipopanda aliacha biskuti za shayiri alizooka mwenyewe, dazeni mbili, na wakati mwingine kipande cha samaki wa chumvi kwenye karatasi, kwa ajili ya mtu atakayekuja na njaa. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kufuta miguu mlangoni.

Siku hiyo vilevile, kabla hata hajakaa, alifungua shanta lake barazani akatoa kopo jipya.

"Dolina," Mamie aliita kwa sauti ya chini, akamwacha bibi harusi palepale alipokuwa.

Koyoti alikuwa ameshatoka kwenye miti ya misprusi, upande wa makaburi. Alikuwa wa kijivu chenye wekundu masikioni, miguu mirefu, mkubwa kuliko mbwa wa kondoo. Kati yao palikuwa na hatua kama ishirini na tano.

"Fimbo," Dolina alisema. "Msimpe mgongo. Mikono juu. Moja, mbili, haya!"

Yeye na Alex waliinua mikono na fimbo, wakanguruma. Mamie naye alitaka kwa moyo wote, lakini mwili wake ulifanya kile ulichokijua. Aliruka juu ya mbao za baraza akaanza kuzichapa kwa visigino, wima, uso umekaza, mikono imeshikamana na mapaja. Kibanda kizima kililia kama ngoma.

Koyoti alisimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama Mamie kwa adabu. Kisha akakaa chini.

"Anangoja wimbo wa pili," Mamie alisema, akihema.

"Nyamaza! Piga kelele!"

"Ninyamaze au nipige kelele?"

Dolina aliacha kunguruma. Alikuwa ameona kitu. Mnyama yule hakuwa akimtazama tena Mamie, wala fimbo, wala uso wa mtu yeyote. Dolina alikuwa ameshika kopo kwa mkono wa kushoto. Alilisogeza polepole kulia. Macho ya koyoti yakaenda kulia. Akalirudisha kushoto. Macho yakarudi.

Aliujua mtazamo ule. Aliuona kila siku ya shule saa sita na robo, juu ya kaunta ya kantini, akiwa na upawa mkononi: watoto wametulia kwenye foleni, hawasukumani, wanajua sahani inakuja kwa sababu haijawahi kukosa kuja.

Damu ilimpanda usoni. Alilitia kopo shantani, akafunga, akampa Alex. Kisha akashuka barazani na fimbo yake.

"Toka hapa!" Sauti ile ya kantini ilitoka yote. "Toka! Hakuna chakula! Hakuna tena! Jikoni kumefungwa!"

Akaokota jiwe akalitupa, likaanguka mbele ya miguu ya mnyama na kumrushia vumbi. Alex alitupa la pili. Mamie, mikono ikiwa imefunguka hatimaye kwa hasira, alitupa kiatu kilichokuwa kimeachwa barazani na mgeni fulani. Walikwenda mbele pamoja, watatu kwa mstari mmoja, bila kukimbia na bila kuachana. Koyoti alinyanyuka, akarudi nyuma, akasimama kutazama kama kweli ni wao. Hawakusimama. Akaenda, akageuka mara ya pili, jiwe likagonga mti karibu yake, ndipo akaingia msituni. Waliendelea kupiga kelele dakika nzima baada ya mkia wake kupotea, kwa sababu Dolina alikuwa amewafundisha kwamba ukiacha kazi hii nusu, umemfundisha mnyama kusubiri.

Alex alikohoa.

"Dolina," alisema. "Ni wewe."

"Najua ni mimi, Alex."

Chini ya baraza walikuta yaliyobaki. Makopo mawili ya zamani yaliyotafunwa mpaka yakatoboka, karatasi za samaki, makombo yaliyofukiwa. Na daftari la wageni lilimaliza ushahidi. Dolina alisoma akiwa amesimama mlangoni, na Mamie akasoma juu ya bega lake.

Mmoja aliandika: "Tumeshukuru kwa ukarimu. Biskuti hazikuvunjika hata kwa jiwe. Tumewaachia ndege nje." Mwingine: "Meno yangu si ya kisiwa hiki. Nimewapa ndege." Mwaka jana wote, na mwaka juzi: ndege, ndege, ndege.

"Ngumu kwa jiwe?" Dolina alisema. "Za kwangu?"

"Mwenzangu, nimekuvumilia kwa miaka hamsini," Mamie alisema. "Unazichovya kwenye chai, zinalainika. Hao hawakujua kuchovya."

Walipokuwa wakishuka, Mamie hakurudi kwenye harusi. Walipofika darajani alisimama.

"Nani amemwona leo? Mimi, wewe, na huyu ambaye hasemi. Yule kijana akisikia, hiyo ndiyo taarifa ya tatu. Njia imefungwa, na Hughie haendi. Tunaondoa kopo, tunasafisha, tunanyamaza siku kumi na moja. Basi. Kuna ubaya gani?"

Dolina mwenyewe alikuwa ameshafikia hapo kabla ya Mamie.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Hughie wa Kinu, akaingia bila kubisha kama kila mtu. Hughie alikuwa jikoni akipaka mafuta viatu vyake vya mlima, gazeti limetandikwa mezani. Dolina alimweleza yote, tangu kopo mpaka daftari. Hughie alicheka kidogo aliposikia habari za Mamie na visigino vyake. Kisha akaacha kucheka.

"Umeshamwambia yule Mfaransa, Poirier?"

"Bado."

"Basi mwambie tarehe kumi na nane."

"Hughie."

"Jumatatu. Siku moja baadaye. Binti yangu, sikukuomba kitu tangu uzaliwe. Sarah Catherine ameshakata tiketi. Mwakani mimi nitakuwa na chuma hapa," akajipiga nyonga, "nitakaa barazani nautazama huo mlima kama picha."

Dolina alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya safari ya Rankin, ameikunja mara nne. Aliiweka juu ya gazeti, karibu na viatu.

"Watu thelathini na wanne," alisema. "Kati yao watoto kumi na mmoja. Mdogo kabisa ni Ceit, mtoto wa mjukuu wako. Ana miaka mitatu, na atatembea na biskuti mkononi kwa sababu hawezi kutembea bila biskuti. Yule mnyama alikaa mbele yangu, Hughie. Alikaa chini akangoja. Siku atakapoacha kungoja, sitaki awe mbele ya Ceit."

Mzee aliisoma orodha mpaka chini. Alichukua kitambaa, akamaliza kukipaka mafuta kiatu cha pili, taratibu, mpaka kwenye matundu ya kamba. Ndipo akasema:

"Simu iko pale ilipo siku zote."

Poirier alifika baada ya saa moja. Dolina alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Ni mimi niliyekuwa namlisha," alimaliza. "Miaka sita. Nilidhani nalisha watu."

Kijana alivua kofia, akakuna kichwa.

"Njia imefungwa kuanzia sasa," alisema. "Hilo siwezi kulipinda, mama."

"Najua."

"Lakini mtegaji simwiti leo." Aligeuka akamtazama Hughie, kisha viatu mezani. "Kuna jambo moja la kujaribu. Chakula kinakoma, hata kikombe kimoja cha chai kisimwagwe. Na kila siku watu wanapanda, wengi, wanamfukuza kila akionekana, wanamfukuza vibaya. Mimi nitakuwa nao. Wakati mwingine mnyama anakumbuka woga wake. Wakati mwingine hakumbuki. Sikuahidi kitu."

"Wangapi?" Dolina aliuliza.

"Si chini ya sita."

"Nitakuletea kumi na wawili."

Alileta kumi na wanne. Siku ya kwanza walikisugua kibanda kwa maji ya moto na siki, ndani, nje na chini ya baraza, wakafunga komeo jipya mlangoni. Kuanzia siku hiyo walipanda kila asubuhi, wakiwa na filimbi, masufuria, vifuniko, na bati moja la kuezekea ambalo Alex alilibeba mgongoni bila kusema kwa nini. Poirier alisimama mbele akawaonyesha namna ya kuinua koti juu ya kichwa lifunguke kama mabawa. Kwa makoti walifaulu. Mwenye koti mikononi alilazimika kuinua mikono. Dolina alishangaa kwamba hakulifikiria hilo miaka yote.

Siku ya pili koyoti alikuja mpaka ukingo wa uwanja, akaketi palepale pa zamani. Walimwendea wote kwa pamoja, bati likinguruma, na akaondoka akiangalia nyuma kama mtu aliyetukanwa na rafiki. Siku ya tatu alisimama mbali zaidi, hatua sitini kwa hesabu ya Poirier, na hakuketi. Siku ya nne hakuonekana, wala ya tano. Siku ya sita alikuwa nyuma ya kibanda, ananusa chini ya baraza, na Dolina alirudi nyumbani akapika supu ambayo hakuinywa. Tarehe kumi na tatu mvua ilinyesha na Poirier akasema mtu angeweza kupumzika. Hakuna aliyepumzika.

Alhamisi tarehe kumi na nne walikuwa bado njiani, wanatoka kwenye miti, alipotokea kwenye mgongo wa kilima, mita mia na zaidi. Yeye ndiye aliyewaona kwanza. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Alijikunja mara moja akatoweka kwenye misprusi kama mtu aliyeona mdai wake.

"Sijapiga hata sufuria yangu!" Mamie alilalamika.

Poirier hakuchangamka mapema. Alikaa kule juu peke yake na mwenzake wa kazi Ijumaa na Jumamosi asubuhi, darubini machoni. Jumamosi saa tisa alasiri alikuja nyumbani kwa Dolina. Alikataa kuketi, akakubali chai, akachovya biskuti bila kuambiwa.

"Kesho naifungua, kwa siku moja, na mimi nitakuwa mkiani," alisema. "Jumatatu tutaangalia tena. Watoto katikati. Mbwa wote nyumbani. Mnakula pamoja, mmekaa, na kila kombo linarudi chini."

"Hata la Ceit?"

"Hasa la Ceit."

Jumapili hiyo waliondoka saa tatu kasorobo, watu thelathini na wanne na ofisa mmoja. Dolina aliwahesabu wakiwa wamesimama na wakianza kutembea. Hughie wa Kinu alipanda kwa fimbo mbili, na katika njia ambayo watu huimaliza kwa saa moja na nusu, yeye alitumia saa tatu na dakika kumi. Alipumzika mara kumi na moja. Kila aliposimama, wote walisimama, na kwa kuwa wote ni jamaa, hakukuwa na kituo kilichokosa habari ya kuongea. Sarah Catherine, aliyekuwa na miaka sabini na saba na aliyeogelea baharini kila asubuhi ya Mungu, alimwendea mbele na nyuma akimwambia ainue miguu.

"Nainua! Hii ndiyo kuinua kwenyewe!"

"Mama alikuwa anainua kuliko hivyo akiwa na mimba."

Waliweka maua kwenye makaburi tisa. Walikula mahali pamoja, na Ceit alishikwa mkono na mama yake mpaka biskuti yake ilipokwisha, makombo yakafutwa kwenye nguo yake kwa kitambaa na kutiwa mfukoni mwa Poirier. Kisha Hughie aliombwa kukaa kibandani apumzike, akakataa. Alivuka nyasi mpaka kwenye msingi wa nyumba, akalitafuta jiwe la mlangoni kwa ncha ya fimbo, akaliona, akaketi juu yake. Dada yake aliketi kando yake.

"Jiko lilikuwa pale," Hughie alisema mwishowe, akionyesha kwa fimbo. "Na kitanda cha mama nyuma yake."

"Jiko lilikuwa upande huu," Sarah Catherine alisema.

"Upande gani? Wewe ulikuwa na miaka mitatu! Ulikuwa bado unajikojolea!"

"Nilijikojolea karibu na jiko. Upande huu."

Saa tisa ilifika, ambayo ndiyo saa Dolina aliyokuwa ameiandika kwenye karatasi kuwa ya kuanza kushuka, ili wote wawe bondeni kabla jua halijalala na wanyama kuanza kutembea. Alisimama katikati ya uwanja akapiga filimbi, akahesabu. Thelathini na wawili. Alijua wawili wako wapi.

Aliwaendea. Walikuwa wameshaingia kwenye suala la dirisha.

"Mzee Hughie," alisema. "Ni saa."

"Nyinyi tangulieni. Tutawafuata."

"Hakuna anayebaki nyuma. Unaijua sheria yangu."

"Basi bakini wote," Hughie alisema bila kumtazama. "Sarah Catherine anasema dirisha lilitazama bahari. Lilitazama bahari vipi, na bahari iko kule?"

Dolina alitazama saa yake, akatazama jua, akamtazama Poirier aliyekuwa amesimama ukingoni mwa miti. Poirier aliangalia msitu, akaangalia wale wazee wawili, akainua mkono na kuonyesha vidole vitatu: nusu saa, dakika thelathini, si zaidi. Dolina alivua shanta lake, akaliweka chini mbele ya miguu yake mahali anapoliona, akaketi kwenye nyasi karibu na jiwe la mlangoni. Mamie alikuja akaketi. Alex akaketi. Kisha mmoja mmoja wote waliobaki walikuja wakaketi ndani ya nyumba ile isiyo na kuta, watoto katikati, wakisikiliza ugomvi wa dirisha, na wengine ambao hawakuwa hata wamezaliwa nyumba ile ilipokuwa na kuta wakaanza kuchukua upande.